Pasi Imewaka: Kuishi na Joto la Sindano ya Tezi Dume

Kabla sijajua kinachonisumbua nilishameza dawa mseto mara mbili katika mwezi mmoja. Hapa Kigoma mtu akiamka usiku kaloa jasho hadi shuka linakamulika, haulizi mara mbili: malaria hiyo. Nikaenda duka la dawa, sikupima, nikanunua, nikameza siku zote tatu kama mtoto mtiifu. Wiki iliyofuata yaleyale. Nikameza tena. Binti yangu ni muuguzi Kasulu, aliponipigia simu nikamsimulia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba, sindano ya Mwanza ulichomwa lini?"

Nikahesabu vidole. Wiki ya tano.

"Basi hiyo si malaria. Ni joto la sindano. Hawakukwambia?"

Inawezekana waliniambia. Lakini siku ile nilishasikia neno saratani, na neno hilo likishaingia sikioni halipishi jingine.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka 68, nakaa na cherehani yangu ya miguu kwenye baraza moja pale Mwanga, na tangu 2023 natibiwa saratani ya tezi dume. Kila baada ya wiki 12 nachomwa goserelini ya miligramu 10.8 chini ya ngozi ya tumbo. Si dawa ya maji. Ni kijipande kigumu kama punje ya mchele, kinakaa humo kikiyeyuka polepole, na matokeo yake korodani zinaacha kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, ambayo ndiyo chakula cha saratani hii. Wenzangu waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani wamo jahazi hilihili: homoni ikishuka, kwa sindano au kwa kisu, joto linafuata. Huwapata hadi wanaume 8 kati ya 10, kwa hiyo kama limekufika, hujarogwa wala hujapewa dawa mbovu.

Linaanzia kifuani. Linapanda shingoni, usoni, masikio yanawaka, moyo unadunda kama umepanda kilima, halafu jasho linafunguka mgongoni. Dakika mbili, tatu, mara nyingine kumi. Likiondoka linakuachia baridi. Nyumbani kwetu tunaliita pasi. Natumia pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, na ukishaipepea ikakolea huwezi kuiamuru ipoe. Unaiweka pembeni unasubiri. Nikisema "pasi," mke wangu anajua, na wageni waliokaa sebuleni hawajui.

Daktari alinieleza hivi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Homoni zikiwepo ni mlinzi mvumilivu. Zikiondoka anakuwa kama mlinzi wa geti aliyegombezwa na tajiri wake: hata kuku akipita anapiga filimbi. Umekunywa kikombe cha chai, joto limepanda kidogo tu, yeye tayari kaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike. Mwili unajipoza kwa sababu ya moto ambao haupo, ndiyo maana baadaye unatetemeka.

Sasa, kitu cha kwanza kununua, kabla ya feni, kabla ya chochote: kipimajoto. Pasi ikiwaka, futa kwapa kwanza kwa kitambaa kikavu maana jasho linadanganya kipimo, kisha kiweke. Changu husoma 36.6, 36.8, wakati mimi naapa kwamba naungua. Kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Usifanye nilivyofanya mimi, na usigeuke upande wa pili pia, ukaanza kuita kila joto la sindano. Namjua mzee wa Ujiji alikaa na malaria siku nne akisema "ni dawa tu hii." Pasi inakuja na kuondoka kwa dakika, homa inakaa. Jasho la usiku likiandamana na kikohozi cha wiki mbili na kupungua mwili, omba kupimwa kifua kikuu. Na mgongo ukianza maumivu mapya, miguu ikalegea au ikafa ganzi, au mkojo ukakataa, hilo si la kuandika daftarini. Ni la kwenda hospitali siku hiyo, hata kama ni usiku.

Mwalimu wangu mkuu katika jambo hili si daktari wala binti yangu. Ni Mama Zuhura, mke wangu. Yeye alipita ukomo wa hedhi miaka mingi nyuma. Nilikuwa namwona anajipepea kwa upande wa kanga katikati ya mazungumzo, anainuka usiku wa manane anafungua dirisha, nami nalalamika kwamba anatuingizia mbu. Siku nilipomweleza yangu alicheka hadi akakaa kwenye kizingiti.

"Karibu," akasema. "Haya, dirisha tulifungue sasa, au bado una neno?"

Sikuwa na neno. Mengi ya hapa chini ni yake, isipokuwa ya vitambaa. Ya vitambaa ni yangu.

Mwanaume anayetoka jasho mara nane kwa siku hana biashara na tetroni wala poliesta. Havinywi jasho, vinalishikilia kwenye ngozi kama nailoni ya kufungia samaki. Vaa pamba. Tatizo ni kwamba muuzaji atakwambia kila kitu ni pamba. Chomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini ambalo ukilisugua linapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Uzi ukiungua kidogo na kuacha vipunje, ni mchanganyiko. Kama muuzaji hataki uwashe kiberiti dukani kwake, na simlaumu, dondosha tone la maji: pamba iliyokwisha kufuliwa inalinywa, poliesta inaliacha linateleza. Vitenge vingi vya siku hizi vina poliesta, hata kanga zimeingiliwa. Kusema kweli mashati bora ya pamba niliyonayo nimeyapata kwenye mitumba, na hili mwenye duka la vitambaa anayeniuzia mali asilisikie.

Ukimpelekea fundi, mwambie hivi. Kifua aongeze inchi 6 juu ya kipimo cha mwili. Kola ya Kichina, au asiweke kola kabisa. Mpasuo wa inchi 5 kila upande, chini. Kwapani aweke kipande cha pembe nne badala ya kushona mkono moja kwa moja. Kinapitisha hewa na hakibani. Na shati liwe la vifungo mbele hadi chini, si la kuvalia kichwani, maana ukiwa umeloa, shati la kuvalia kichwani linakwama masikioni na wewe ndani yake unapigana kama samaki kwenye wavu. Chini yake vaa singlendi ya pamba. Nguo mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, kwa sababu unaweza kuvua moja barazani bila kukimbiza wateja. Rangi: nyeupe au iliyokolea sana. Kijivu na bluu ya kupauka vinatangaza jasho mpaka sokoni.

Kisha kuna kitambaa cha shingo. Kata taulo kuukuu la pamba, upana wa kiganja, urefu wa kuzunguka shingo mara moja na nusu. Kipinde pembeni. Kichovye kwenye maji ya mtungi, kikamue, kivae. Ninavyo viwili: kimoja shingoni, kimoja kinalowa. Hakiizimi pasi, lakini kinaifupisha, au labda kinanifanya nisihesabu dakika. Yote mawili nayachukua.

Usiku ndio mgumu, hasa Septemba, joto limekaa juu ya mji na mvua bado. Wa kwanza atakayekushauri utoe chandarua ili upate hewa, msikilize kwa heshima na usimfuate. Sisi tulibadilisha kile chembamba cha duara tukaweka cha pembe nne, tukakivuta kipana, kitanda kikasogezwa hadi dirisha lenye wavu. Godoro la sponji linatunza joto la mwili na kukurudishia. Tandika mkeka wa ukindu juu yake, kisha shuka la pamba. Kila mtu alale na shuka lake, ili ukilitupa teke usimvue mwenzio. Kando ya mto kaa na singlendi kavu na kanga kavu iliyokunjwa, pamoja na chupa ya maji. Ile baridi inayofuata jasho ndiyo inayovunja usingizi, na ukiwa na nguo kavu mkononi unabadilisha gizani, unalala tena kabla akili haijaanza kukumbuka madeni. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, si ya baridi kali. Feni kama ipo, vizuri. Umeme ukikatika kuna upepeo wa ukindu, na huo hauna bili.

Nina daftari la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma niligawa mistari minne: saa, nilikuwa nafanya nini, nilikula au kunywa nini, na ukali kutoka 1 hadi 10. Wiki mbili. Nilidhani nitakuta pilipili, maana mimi migebuka bila pilipili naona kama nimelishwa dawa. Pilipili haikuonekana kabisa. Kilichoonekana, mstari baada ya mstari, ni vitu viwili: kahawa ya kijiweni saa kumi na moja jioni, na pasi ya mkaa yenyewe, ile ya kweli.

Kahawa iliniuma. Kijiwe chetu kina miaka zaidi yangu barazani; pale ndipo tunapojua nani kafa na bei ya dagaa. Kwanza nikajaribu kuacha kabisa, nikawa nakaa mikono mitupu kama mtu aliyekuja kudai. Kisha nikajaribu kuiacha ipoe. Muuza kahawa alinitazama kama nimemtukana mama yake, lakini sasa ananimiminia ya kwanza, naishika hadi wenzangu wamalize vikombe viwili, ndipo nakunywa, moja tu, na kashata. Mara nyingi inapita salama. Kwa hiyo shida yangu ilikuwa zaidi moto wa kikombe kuliko kahawa yenyewe. Kwako inaweza kuwa kinyume, au ikawa pombe, au sigara, ambavyo vyote viwili vina sifa mbaya katika jambo hili, au chumba kilichofungwa, au hasira. Daftari ndilo litakalokwambia. Ondoa kimoja kimoja. Ukiondoa vitano kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa mwizi na vipi vinne umevifunga bure.

Ya pasi nilimwachia kijana ninayemfundisha kazi. Yeye anapiga pasi, mimi nakata. Kabla ya hapo iliniaibisha.

Ilikuwa suruali ya bwana harusi, kijivu mpauko, kitambaa alicholetewa na shemeji yake kutoka Dar es Salaam, na mwenyewe kasimama hapo akisubiri. Nimeinama na pasi ya mkaa, nikasikia kifua kimewaka. Badala ya kusimama nikajikaza. Jasho likashuka puani, tone moja, juu ya goti. Nikaweka pasi juu yake haraka nikifikiri nitalikausha, likaacha duara kama sarafu. Sote wawili tukaliangalia lile duara. Kilichoniwaka zaidi wakati ule si homoni, ni fikra: wanafikiri nimelewa, wanafikiri mzee kaisha. Na fikra hiyo ikaongeza moto, moto ukaongeza fikra. Duara lilitoka nilipolifua kwa maji safi jioni ile. Lakini nilijifunza kwamba kujikaza kunarefusha, na kwamba sentensi moja fupi, iliyoandaliwa mapema, inakuokoa. Yangu ni hii: "Samahani, dawa yangu inaniletea joto, dakika mbili." Hakuna aliyewahi kuniuliza dawa gani. Sikulazimika kutaja tezi dume mbele ya mashangazi wa bibi harusi.

Pamoja na sentensi hiyo kuna pumzi. Binti yangu alinifundisha kupumua kwa tumbo, polepole, pumzi sita kwa dakika. Kuhesabu sekunde kichwani kulinishinda, nikatumia mguu. Nakanyaga cherehani bila uzi, taratibu: mikanyago mitano navuta hewa kwa pua, tumbo linatoka, mikanyago mitano naitoa. Bega halipandi. Naanza ile sekunde kifua kinapoashiria, sisubiri uso uwake. Jizoeze wakati umetulia, asubuhi na jioni, dakika kumi, ili siku ya haja mwili uwe unajua njia. Msikitini hakuna cherehani, kwa hiyo nahesabu kwa vidole vya mguu kwenye busati. Nakaa mwisho wa safu karibu na dirisha, na maji ya udhu nayaacha yakae kidogo kwenye viganja na shingo. Kuhusu kufunga Ramadhani, muulize daktari wako kabla mwezi haujaandama, hasa kama una sukari au presha. Majasho haya yanakausha mwili.

Utaletewa dawa. Mwanaume wa Kigoma akisikika kwamba ana shida ya sehemu hizo, hazipiti siku tatu kabla hajanong'onezwa vumbi la Kongo. Mimi nililetewa kwenye karatasi ya gazeti, bure, kwa upendo. Fikiria hivi: kama kweli linaongeza homoni ya kiume, unamlisha adui uliyempandia basi kwenda kumnyima chakula. Kama haliongezi, umelamba vumbi. Mizizi na majani mengine ya kutuliza joto sina ugomvi nayo moja kwa moja, ila mtajie daktari kila unachokunywa, kwa jina la kikwenu kama ndilo unalolijua, kwa sababu ini ni lilelile moja na vidonge vya hospitali vinapita hapohapo.

Dawa za hospitali za joto hili zipo, na wanaume wengi hawajui kwa sababu hawajauliza. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ambao binti yangu alinisomea, unataja medroksiprojesteroni miligramu 20 kwa siku, kwa wiki 10 kwanza, kisha wanapima kama imesaidia. Ipo pia saiproteroni, ambayo inahitaji ini kuangaliwa. Wengine hupewa venlafaksini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona, au gabapentini, ambayo inasinziza. Kila moja ina madhara yake, na ipi inapatikana na ipi inakufaa ni mazungumzo ya wewe na daktari wako. Mimi sijafika huko. Pasi zangu zilishuka kutoka kumi na moja kwa siku hadi nne au tano, na nne naziweza. Ila nenda na daftari. Ukimwambia daktari "nasikia joto," ataandika "joto." Ukimwonyesha kurasa mbili zenye saa na ukali, atavuta kiti.

Usiruke sindano kwa sababu ya joto. Nilitaka kuruka ya tatu, sitaficha. Ukiruka, joto haliondoki kesho yake. Homoni inaweza kuchukua miezi kurudi, na saratani haitakusubiri. Kuna wagonjwa ambao daktari huwapumzisha sindano kwa muda akifuatilia PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, lakini hiyo ni hesabu yake, si ya jirani. Kuna mambo mengine ambayo sindano hii inafanya, kwenye hamu, kwenye matiti, kwenye mifupa. Ya chumbani zungumza na mkeo. Ya mifupa, sisi tumebarikiwa dagaa: kula na mifupa yake, na tembea. Mimi natelemka hadi stesheni ya reli asubuhi kabla jua halijakaa sawa, na kupanda kurudi Mwanga ndiko kunakonitoa jasho la halali.

Safari ya sindano yenyewe, basi kutoka Kigoma hadi Mwanza kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, ni mtihani. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa 2025 tulikuwa tunasubiri kivuko basi limesimama juani, na pasi ilikuwa inanikuta palepale bila kukosea. Sasa tunapita tu. Chagua kiti cha dirisha linalofunguka, upande usio na jua asubuhi. Mfuko wangu wa mkononi una singlendi mbili, kitambaa cha shingo ndani ya nailoni, upepeo, maji, kipimajoto na daftari. Safari iliyopita, karibu na Kibondo, ilinishika nikaanza kujipepea. Kijana aliyekaa pembeni, simu masikioni, akanigeukia. "Mzee, una homa?" Nikamwambia ni dawa, dakika mbili. Akatoa simu masikioni, akainuka, akalisukuma dirisha la mbele yetu lililokwama tangu Kasulu, akakaa.

"Baba yangu naye anajipepea hivyohivyo," akasema. "Hajatuambia ni nini."

Nikampa daftari aangalie mistari ilivyopangwa. Akaipiga picha.